Skrini Ilisema Hakuna Mtu

Niliwahi kutengeneza kitu kilichomfanya mwanafunzi wangu asionekane.

Sizungumzii uchawi. Nazungumzia flash disk, ile ya kawaida ya kuning'iniza shingoni, na mji wa Nakuru, Januari ya 2008, wakati ambapo mtu kupotea hakukushangaza tena na wale wa kumtafuta walikuwa wamejificha wenyewe.

Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kunihukumu huko chini kwenye comments.

Jina langu ni Jepleting. Wanafunzi waliniita Madam Jeple. Nilikuwa nafundisha microcontroller katika chuo kidogo cha ufundi pale mjini, chuo ambacho siku hizi hakipo.

Kama hujui microcontroller, usiogope. Ni kichipu kidogo. Unakiandikia program kwenye kompyuta, unaimwaga ndani kwa kebo, halafu kinafanya ulichokiambia bila kukuuliza maswali. Ningepata watoto wa namna hiyo ningezaa kumi.

Shida yetu ilikuwa kompyuta. Zile za lab zilikuwa chache, zimejaa virus, na mtu pekee aliyejua password ya kuweka program mpya aliacha kazi akaondoka nayo kichwani. Nililia na ofisi mpaka nikachoka. Wapi.

Basi 2007 nikasema potelea mbali, nitatengeneza kompyuta isiyohitaji ruhusa ya mtu.

Nilichukua Linux nikaichambua kama sukuma wiki. Niliacha mahali pa kuandikia, compiler ya kugeuza maandishi yawe lugha ya chip, na program ya kumwaga kazi kwenye chip. Basi. Yote yakaingia kwenye flash. Unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, unabonyeza kitufe kabla Windows haijaamka, na mashine inawaka kwa kutumia flash yako. Ukimaliza unachomoa, na mwenye mashine hawezi hata kujua ulipita.

Mtandao niliutoa makusudi. Niliwajua vijana wangu. Ningewaachia mtandao wangechati mpaka chip ziote kutu.

Wanafunzi waliijaribu, wakacheka, wakaipa jina. Githeri.

"Madam, umechemsha kila kitu kwa sufuria moja, kama mahindi na maharagwe," Wachuka alisema.

"Iitwe Mursik," Kipketer akapinga. "Ni kama maziwa ya kwetu, inabebwa kwa kibuyu kadogo."

Wakapiga kura. Githeri ikashinda, na Kipketer akakubali matokeo huku akinung'unika. Hiyo ndiyo kura ya mwisho ya mwaka ule niliyoona ikiisha kwa kicheko.

Hao wawili nilikuwa nimewapanga pamoja, kwa sababu kebo ya kumwaga program ilikuwa moja kwa kila wanafunzi wawili. Wachuka alikuwa mtoto wa mama mpika chapati, msichana wa maneno machache na mikono myepesi. Project yake ilikuwa ubao wa taa ndogo za kutembeza maandishi, auweke kwenye kibanda cha mamake. Kipketer alitoka Salgaa, ambako babake alikuwa na hoteli ya kulisha madereva wa malori. Huyo kijana angeweza kubishana na ukuta.

Kuna jambo moja zaidi lazima ulijue.

Duniani kote somo la kwanza la microcontroller ni kuwasha na kuzima taa moja. Mimi niliona hilo ni somo la kuleta usingizi. Kwangu taa ilipaswa kupiga makofi ya kilo, yale ya kumpongeza mtu darasani. Kama ulisoma Kenya unayajua: tatu za haraka, tatu za haraka, tatu tena, halafu moja nzito. Taa yako isipopiga kilo sawasawa, hutoki darasani.

Sasa tuingie kwa Gautam.

Gautam alikuwa na cyber, duka la kukodisha kompyuta, katikati ya mji. Mzee mpole, familia yao imefanya biashara Nakuru tangu enzi za babu yake. Kwenye chumba cha nyuma alikuwa na mashine ya zamani yenye tundu kubwa la printer, na kebo yetu ilitaka tundu hilo hilo. Kwa hiyo vijana wangu wakahamia huko.

Siku ya kwanza aliwakamata shati.

Unajua cyber za wakati ule. Mwenyewe anakaa counter na skrini inayoonyesha mashine zote. Mashine yenye mteja ni kijani, isiyo na mteja ni nyekundu. Lakini hiyo program ya kuhesabu dakika inakaa ndani ya Windows, na Githeri haikuwa inapitia Windows. Kijana angekaa pale nyuma tangu asubuhi, na kwa skrini ya Gautam mashine hiyo ilikuwa imelala.

"Madam, hawa watoto yako nafanya magic," alinipigia simu. "Mutu iko, kompyuta nasema hapana mutu."

Nilienda nikamweleza. Alipoelewa, akatoa mkebe wa majani chai na kuuweka juu ya counter. Tukapatana hivi: anayetumia Githeri anaacha ID ya chuo ndani ya mkebe, na akitoka anaichukua. Jioni Gautam angeangalia skrini, angeangalia mkebe, vyote vikiwa wazi anafunga duka. Kwa miezi kadhaa mpango ule haukuwa na kasoro.

Halafu uchaguzi ukaja, na yaliyofuata mnayajua. Sitayarudia. Niseme tu kwamba Januari ile jina lako, kwa kuwa linataja kabila lako, lilikuwa limegeuka kuwa hatari, na hatari yenyewe ilitegemea kona ya mtaa uliyosimama. Jina langu na la Kipketer yalikuwa ya upande mmoja, la Wachuka la upande wa pili. Mtu alikuwa hataki jina lake lionekane ovyo. Mkebe wa Gautam nao ulikuwa juu ya counter, kila anayeingia anaweza kuchungulia.

Lakini tarehe ya kukabidhi project haikusogezwa. Ofisi ya chuo ilifanya kana kwamba nchi iko sawa.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mji ulichafuka mchana. Niliona moshi kutoka dirishani kwangu, moshi wa pande mbili. Maduka yalifungwa kwa pupa, watu wakakimbia bila kujua wanakimbilia wapi. Nilifunga mlango nikasukuma kabati nyuma yake.

Jumamosi simu ikalia. Mama Wachuka.

"Madam, mtoto wangu yuko kwako?"

"Hapana, mama. Kwani hayuko nyumbani?"

"Nyumba ilichomwa. Mimi niko Showground na wengine waliokimbia, na hii simu tu. Wachuka alitoka jana akasema anaenda kwa hiyo cyber yenu."

Nilikaa chini kwenye sakafu.

Nilimpigia Gautam. Alikuwa nyumbani kwake, amejifungia na jamaa zake.

"Madam, mimi nafunga jana mbio mbio, binti yangu Unnati iko shule peke yake. Lakini naangalia kwanza. Skrini yote red. Mkebe tupu. Hapana mutu, Madam. Kweli kabisa."

Skrini nyekundu, mkebe mtupu. Nilijua maana yake, mpango ulikuwa wangu. Wachuka alikuwa ametoka, na ametokea katikati ya yale tuliyoona.

Nikajaribu simu ya Kipketer. Imezimwa. Wenzake wa hosteli wakaniambia alitoka Ijumaa hiyo hiyo na begi lake, akisema anaenda kwao Salgaa, lakini atapitia mjini kwanza ampelekee Wachuka kebo.

Nilipomrudishia Mama Wachuka habari hizo, simu ilichukuliwa na mwanamume.

"Mimi ni Ndirangu, mjomba wake. Huyo kijana wa kebo anaitwa nani?"

Nikamwomba anirudishie Mama Wachuka.

"Madam, nimekuuliza. Yeye ndiye wa mwisho kuonana na mtoto wetu. Anaitwa nani na analala wapi?"

"Ni mwanafunzi wangu kama Wachuka," nikasema, nikakata simu.

Nitasema ukweli, nilimtetea kwa mdomo huku moyo ukiniuliza maswali. Siku zile shaka ilikuwa inaingia bila kubisha hodi.

Jumapili asubuhi wanajeshi walikuwa wameanza doria na mji ukatulia kidogo. Jirani yangu aliniona nikivaa viatu akaniambia, "Jeple, wewe na hilo jina lako unaenda wapi?" Niliendelea kufunga kamba. Nilijua tu kwamba nikikaa ndani, Ndirangu na vijana wa mtaani watampata Kipketer kabla yangu, au watawapata wenzake wa hosteli, na kosa lao litakuwa majina tu.

Showground palikuwa na watu mpaka macho yanachoka. Magodoro, kuku, watoto, sufuria zenye masizi. Nilimpata Mama Wachuka ameketi juu ya mfuko wa nguo. Ndirangu alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti refu la kijani, na chini ya koti niliona ncha ya rungu.

"Huyu ndiye mwalimu?" akauliza. "Anaitwa nani?"

Mama Wachuka alinitazama, akamtazama kaka yake.

"Anaitwa mwalimu," akasema.

Nikachuchumaa mbele yake. Hakunipa mkono.

"Ni wewe ulimfundisha kushinda kwa hizo mashine," alisema polepole. "Ningemkataza, lakini alisema Madam anataka kazi. Sasa Madam, nipe mtoto wangu."

Nililia. Sikuwa nimepanga kulia mbele ya mtu aliyechomewa nyumba, lakini nililia.

"Mama, Gautam aliangalia," nikasema. "Mkebe ulikuwa tupu. ID yake haikuwa pale."

"ID gani?"

"Ya chuo. Wanaiacha kwa counter wakiingia."

Mama Wachuka akatikisa kichwa. "Hiyo aliacha kuweka. Yule Mhindi mwenyewe ndiye alimwambia akae nayo, juu ya jina. Hata nikamwambia huyo mzee ni mtu wa maana."

Nikasimama.

Mkebe mtupu haukuwa unasema kitu. Gautam alifanya wema, halafu kwa hofu ya mtoto wake akausahau wema wake mwenyewe. Na skrini? Skrini nyekundu haikusema hakuna mtu. Ilisema hakuna Windows. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitengeneza Githeri isionekane pale, na bado niliiamini ile skrini kuliko kitu chochote.

"Yuko ndani," nikasema.

"Ndani wapi?" Ndirangu akauliza.

"Ya cyber. Hakutoka. Amefungiwa."

Nilimpigia Gautam aje na funguo. Kisha mimi na Ndirangu tukashika njia ya mjini kwa miguu. Kwenye kizuizi kimoja vijana waliuliza mimi ni nani, naye akawaambia ni mwalimu wa mtoto wao, tukapita. Njia nzima alikuwa anaongea habari moja.

"Tukimpata amekufa humo, huyo wa kebo atanieleza."

Cyber ilikuwa imefungwa, mlango wa chuma umeshushwa mpaka chini na kufuli mbili. Duka la jirani lilikuwa limevunjwa, vioo vimetapakaa kila mahali. Niligonga chuma nikaita jina lake kwa sauti ndogo, kwa sababu hata kuita jina barabarani kulikuwa na hesabu yake. Kimya.

Tukazunguka nyuma kwenye kichochoro cha kumwaga takataka. Juu kabisa, chini ya mabati, palikuwa na tundu la hewa lenye nondo.

Ndani ya tundu kulikuwa na mwanga mwekundu. Unawaka, unazima.

"Stima inacheza," Ndirangu akasema.

Nilimshika mkono. "Ngoja. Hesabu."

Tatu za haraka. Tatu za haraka. Tatu tena. Halafu moja nzito, ndefu.

Giza kidogo. Halafu ikaanza upya.

Sikumbuki nilivyofika pale chini ya tundu. Nakumbuka nimesimama juu ya takataka, mwanamke mzima mwenye diploma, napiga makofi ya kilo kwenye kichochoro katikati ya vita.

Mwanga ukazimika. Kisha kutoka ndani, kwa mikono ya mtu, yakanijibu makofi yale yale.

Ndirangu aliegemea ukuta akafunika uso.

Gautam alifika na shati limefungwa vifungo kombo. Funguo zilimwanguka. "Madam, mimi naangalia mara mbili," alirudia. "Mara mbili naangalia." Nilimchukua funguo, nikafungua mwenyewe, na Ndirangu akainua kile chuma.

Wachuka alitoka akiwa amekumbatia ubao wake wa taa. Macho mekundu, midomo imekauka, lakini mzima. Alimrukia mjomba wake akamshika shingo.

Halafu nyuma yake, kwenye giza la duka, mtu mwingine akasogea.

Kipketer.

Nilihisi mwili wa Ndirangu ukikakamaa hata kabla sijamtazama. Alimshusha Wachuka taratibu. Mkono ukaingia ndani ya koti.

"Ndiye huyu?" akaniuliza.

Wachuka akarudi nyuma hatua moja, akasimama mbele ya Kipketer. Huyo msichana wa maneno machache aliongea siku ile.

"Uncle, alikuwa ameleta tu kebo. Alikuwa anaenda kwao. Tulisikia chuma ikishuka na huko nje watu wanalia, tukaogopa kuita. Wakaja kuvunja hapo kwa jirani. Huyu ndiye alisukuma meza kwa mlango, akaiegemea na mgongo hadi wakaenda. Ile chevda ya kutafuna na soda za Gautam tumegawana sawa."

"Simu yake?"

"Ilikuwa imezima, chaja ni ya wote hosteli, na yetu iko na mama. Na kompyuta zingine zinataka password ya counter."

Nayo Githeri haikuwa na mtandao. Nililisikia hilo bila mtu kuniambia.

Ndirangu alikuwa bado anamtazama kijana. "Na hiyo taa?"

"Mimi nilitaka kuandika jina langu itembee," Wachuka akasema. "Niseme niko ndani. Yeye akakataa."

"Kwa nini ulikataa?"

Kipketer, yule wa kubishana na ukuta, alijibu akiangalia chini. "Mzee, ukiandika jina, inategemea nani anasoma. Yake ingeletea yeye shida, yangu iniletee mimi. Nikamwambia tuweke kilo. Makofi haina kabila. Na taa ikipiga kilo, ni Madam tu na watu wa class wanaeza jua ni sisi."

Mtaani mbali kidogo, kwenye kona ambayo lazima tupitie, kulikuwa na kundi la vijana wa upande wa Ndirangu wamesimama. Sote tuliwaona. Sasa aliyekuwa hatarini katika mtaa ule hakuwa Wachuka tena.

Ndirangu alitoa rungu.

Akaingia nalo ndani ya cyber, akaliegemeza nyuma ya mlango, akamwambia Gautam, "Funga."

Kisha akavua lile koti la kijani akamvisha Kipketer. Akamvika na kofia yake, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Akamwekea mkono begani, mzito, kama baba anayetembea na kijana wake.

Tulipofika kona mmoja akauliza, "Mzee, huyo ni nani?"

"Ni wetu," Ndirangu akasema, bila kupunguza mwendo.

Tukapita.

Alimpeleka mpaka kwenye lori la wanajeshi lililokuwa likielekea upande wa Salgaa, na alisimama pale hadi likaondoka. Koti hakulidai. Sijui kama walionana tena.

Darasa lile halikurudi lote. Wengine wazazi waliwahamisha, wengine sikuwahi kujua walikwenda wapi, na viti vyao vilibaki wazi hadi muhula ukaisha. Wachuka alikabidhi project akitokea Showground. Nilimpa alama alizostahili, si za huruma.

Mimi niliirudia Githeri. Niliurudisha mtandao, wachati wakitaka. Nikaongeza na kijiprogram kidogo cha kumwambia Gautam kwamba kuna mtu pale. Kuanzia siku hiyo, mtu akiwasha Githeri chumba cha nyuma, skrini ya counter inakuwa kijani. Gautam naye hakuiamini. Kila jioni kabla ya kufunga aliingia mwenyewe chumba cha nyuma, akaangalia hata chini ya meza, mpaka siku aliyouza ile biashara.

Hilo ndilo nililojifunza, na nakuachia. Chombo kinakuonyesha kile tu kilichofundishwa kuonyesha, na moyo wenye hofu uko vivyo hivyo. Skrini iliniambia Wachuka hayupo, nikakubali. Jina la Kipketer lilitaka kuniambia kijana yule ni mtu wa namna gani, na nusura nikubali vile vile.

Kabla hujasema mtu fulani hayupo, au ni mbaya, inuka kwenye kiti uende ukaangalie chumba cha nyuma.